Koti Nililokataa Kulivua

Kosa ni langu, na nimeshachoka kulibeba. Hakuna aliyenishauri vibaya wala aliyeniloga. Hata muuzaji wa bastola alinionya, nikamwona hajui kitu. Jina langu mniachie, maana kisiwa hiki ni kidogo na wanaonijua wanatosha.

Mimi ni mtu wa bara, mzaliwa wa Njombe. Mafia nilikuja kufungua duka la vifaa vya ujenzi hapa Kirongwe: saruji, mabati, misumari, vitasa. Nikampenda binti wa hapa, nikasilimu, nikaoa. Mkwe wangu, mzee mwenye minazi yake na mikorosho michache, alinipokea kama mtoto wa kumzaa. Nyumba yake haikuwa na komeo. Mlango ulirudishiwa tu, na akienda shamba wakati mwingine hata kuurudishia alisahau. Mwaka wa kwanza nilimwambia aweke kufuli, akacheka mpaka akakohoa.

Lakini mimi nilikuja na hofu yangu. Kabla ya kuhamia huku nilivamiwa dukani kwangu bara, nikapigwa panga la bega. Kidonda kilipona, hofu haikupona. Juzi juzi hapa, kama miaka miwili imepita, nilikwenda kwetu kwenye msiba, na katika safari hiyo hiyo nikanunua bastola. Kibali nilikuwa nacho, nilifuata taratibu zote. Kwa hilo sijilaumu.

Ulikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Njombe ya mwezi wa saba ananielewa, huko hata jogoo huwika kwa shida. Nilikuwa nimevaa koti langu zito la sufu. Muuzaji akaniwekea mbili mezani, moja ndogo na nyembamba, nyingine kubwa na nzito. Nikaichomeka ile kubwa kiunoni, nikafunga koti, nikajitazama kwenye kioo. Haikuonekana hata kidogo! Nikajiona mwanamume.

Muuzaji akaniuliza, "Kaka, unaishi wapi? Kama ni pwani, chukua hii ndogo, inakaa hata chini ya shati. Hiyo nyingine ni ya watu wa makoti."

Nikamjibu kwamba baridi ipo kila mahali. Jamani, baridi ya Mafia! Nilinunua silaha ya Njombe nikaenda kuishi nayo Kirongwe.

Miezi ya joto ilinishinda. Nikivaa shati, kiuno kinatuna kama mtu aliyeficha embe. Basi nikaifungia dukani kwenye sanduku la chuma, nikawa nashinda na wasiwasi. Kipupwe kilipoingia nilishukuru Mungu, nikalitoa koti. Watu walinicheka sana. Mtu wa Njombe anatetemeka Mafia! Shemeji yangu Hamisi, kaka wa mke wangu, alikuwa akipita dukani anauliza kama barafu imeshaanguka. Nami nilicheka nao, huku mkono uko kwenye upindo wa koti. Msikitini nilisali safu ya nyuma. Kwa mkwe nilikula nimelivaa, jasho linanitiririka mgongoni, mama mkwe ananihurumia akidhani naumwa. Mke wangu alijua bastola ipo sandukuni. Kwamba natembea nayo hakujua.

Kipupwe cha pili ndipo yaliponikuta.

Asubuhi moja mkwe aliamka na malaria kali, anatetemeka kitanda kizima. Ikabidi apelekwe hospitali Kilindoni. Tulipata pikapu ya kubebea nazi, tukamlaza nyuma juu ya mkeka, kwa sababu kukaa hakuweza. Nyuma tulikuwa mimi, Hamisi na jirani mmoja. Hatujafika mbali, mvua ya manyunyu ikaanza, na upepo. Shuka aliyofunikwa ikalowa chapa. Meno ya mzee yakawa yanagongana, tunayasikia juu ya mlio wa gari.

Jirani akavua sweta lake, akamfunika miguu. Hamisi akavua jaketi, akavua na shati, akabaki kifua wazi kwenye mvua. Halafu wote wawili wakanitazama mimi. Koti langu lingetosha kumfunika mzee kuanzia shingoni hadi magotini.

"Shemeji, lete koti," Hamisi akasema.

Ndugu zangu, ningeweza kufanya mambo mengi. Ningeweza kugonga dirisha la dereva asimame, nikashuka kando, nikaificha bastola mahali. Ningeweza kulivua tu, wakaiona, wakashangaa, yakaisha. Badala yake nililishika koti kwa mikono miwili, nikasema nami nina homa.

Hamisi akafungua mdomo kusema neno. Mzee akamwahi, sauti inakatika. "Mwache. Mgeni huyu. Baridi yetu inamwonea."

Akanitetea! Yeye anatetemeka hivyo, ananitetea mimi niliyejikunyata ndani ya sufu. Njia nzima mpaka Kilindoni sikumtazama usoni.

Mungu alimjalia mzee, akatibiwa, akarudi nyumbani baada ya wiki. Lakini habari ilikuwa imemtangulia. Kirongwe nzima ilijua kuna mkwe aliyemnyima baba mkwe wake koti kwenye mvua. Dukani walinunua, ila mazungumzo yalikwisha. Hamisi akaacha kuniita shemeji. Mke wangu hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alilichukua koti, akalifua, akalianika.

Nikaona nijisafishe. Nikasema, wanadhani mimi mchoyo, basi niwaambie ukweli. Nilikwenda kwa mkwe mchana, nikamkuta kibarazani amejifunga kikoi, bado mnyonge. Shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa, akanisogezea kigoda.

"Baba, sikukunyima kwa roho mbaya," nikamwambia. "Nilikuwa na bastola kiunoni. Niliogopa wataiona."

Mzee akakaza kikoi chake.

"Ulikuwa nayo siku ile tu?"

"Kipupwe hiki na kilichopita."

"Hata ukija hapa kula?"

Nikasema ndiyo, hata nikija kula.

Mzee akautazama mlango wake. "Afadhali ungekuwa mchoyo, mwanangu. Mchoyo tungemzoea. Sasa niambie, humu ndani ulikuwa unamwogopa nani?"

Jibu nimelitafuta tangu siku hiyo, na kila ninalolipata ni aibu kulitamka. Watu hawa walinilisha, wakanioza, wakanifundisha kusali. Mimi nilikaa nao kama niko kwenye genge la wezi.

Bastola nimeisalimisha polisi kwa utaratibu. Koti nimempa fundi wa baiskeli, silitaki hata kulisikia. Hakuna kilichobadilika.

Wewe unayesoma hapa na unataka kununua silaha, sikukatazi, kila mtu ana kovu lake. Ila utakaposimama mbele ya kioo ukapima kama koti linaificha vizuri, ifikirie na siku utakayoombwa ulivue. Mimi sikuifikiria.

Wiki iliyopita Hamisi aliingia dukani. Tangu siku ya mvua hakuwa amekanyaga. Nilifurahi, nikadhani yamekwisha, nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Alitaka komeo, la chuma, zito.

Nikamuuliza ni la mlango upi.

"Wa baba," akasema.

Nilimchagulia lililo imara kuliko yote, nikahesabu na skrubu zake, nikamfungia kwenye gazeti.