Mishipa Yangu Mbele ya Wakwe

Sisi watu wa Kigoma tuna vitu vichache vya kujivunia, na kimojawapo ni ziwa. Mgeni hajaweka hata begi chini ataambiwa kwamba maji ya hapa ni maangavu, kokoto za chini unaziona, si kama ya wenzetu wa Mwanza wenye matope na kichocho. Mimi nilijifunza kuogelea kabla ya kusoma. Nilioga ziwani, nilifua ziwani, nilitoroka shule kwenda ziwani, na nikirudi jioni na macho mekundu nilichapwa kwa kutoroka, si kwa kuogelea. Kwa hiyo siku nilipougua, kila kitu kilishukiwa isipokuwa ziwa.

Bahati mbaya ni mahali nilipougulia. Nilikuwa nimekwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mke wangu, wakati huo bado hajawa mke. Msemaji wetu alikuwa shangazi, dada yake baba, aliyenilea Ujiji baada ya baba kufariki. Shangazi hakuipenda safari ile tangu mwanzo. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa mjane wa Kibirizi, anaanika na kuuza dagaa, na ukoo wao ulivuka ziwa kutoka upande wa Burundi kabla binti hajazaliwa. "Watu wa kuja," shangazi alisema, akikunja midomo. Babu yake mwenyewe alivuka ziwa hilo hilo kutoka Kongo, lakini alivuka zamani, na kwetu Ujiji ukivuka zamani unahesabiwa mwenyeji.

Tulipokewa vizuri. Mama mkwe alitupikia ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyoungwa kwa mawese, nami nikala kama inavyompasa mwanamume anayepimwa na wakwe, yaani nikala kuliko njaa niliyokuwa nayo. Mazungumzo yalipoanza kunoga nikahisi joto tumboni, kisha kichwa kikawa chepesi. Nikatoka nje nikatapika karibu na ua.

Kilichotoka kilikuwa chekundu. "Mawese hayo," shangazi akawaambia wenyeji, kwa adabu kabisa, kwa sababu bado tulikuwa wageni. Nikatapika tena. Safari hii hakuna aliyetaja mawese.

Hakuna aliyetaja sumu pia. Shangazi aliitazama sahani yangu, akalitazama sufuria, kisha akamtazama mama mkwe, na kila mtu uani pale akatazama alikotazama yeye. Hiyo ilitosha. Kabla sijafikishwa hospitali, habari ilikuwa imetangulia hadi Mwanga sokoni kwamba kuna kijana wa Ujiji amelishwa kitu ukweni.

Hospitali walinitundikia maji, kisha damu, na kutapika kukakoma. Vita vikahamia kwenye korido. Shangazi alikuwa amekata shauri: ndoa hakuna, na polisi watakwenda Kibirizi. Mchumba wangu alisimama kati ya mama yake na shangazi yangu akilia bila sauti. Mimi, kusema kweli, niliogopa kufa, lakini nilichokiogopa zaidi ni kupona halafu nikaambiwa binti simpati. Na yule mama alikuwa na lake la kuogopa. Nani angenunua tena dagaa wa mwanamke aliyempa mkwe sumu? Angekwisha. Angebaki kuwaangalia kunguru wakila mtaji wake.

Daktari alikuwa dada mpole mwenye miwani, anayependa tafiti kama wengine wanavyopenda mpira. Akawaambia kwamba nimetokwa na damu mahali fulani ndani na lazima aingize kamera aone. Shangazi akafurahi.

"Vizuri sana. Na sisi tuione hiyo sumu."

"Mama, si kazi ya kamera kutafuta sumu."

"Si inaona ndani? Basi kama imo, itaiona."

Nadhani daktari alikubali ili korido ipate utulivu. Akaruhusu mtu mmoja kila upande. Upande wetu akaingia shangazi. Upande wa pili tulitarajia mjomba wa binti, mtu mwenye kanzu na sauti, lakini mama mkwe akasema anayeshitakiwa ni yeye, ataingia yeye. Wakavishwa makoti ya kijani na barakoa, wakasimama mbele ya televisheni ndogo wakiwa hawaangaliani.

Kuhusu mimi mwenyewe sina mengi ya kusimulia. Nililazwa ubavu wa kushoto, nikapuliziwa dawa ya kufa ganzi kooni, nikawekewa kitu mdomoni ili nisiung'ate mpira, kisha nikachomwa sindano iliyoniacha nusu nipo nusu sipo. Mpira ukapita. Ni jambo la ajabu kufunguliwa mbele ya mama mkwe kiasi hicho kabla hata mahari haijatajwa. Wanaume wengine huficha soksi zilizotoboka.

Masikio yalibaki kazini.

"Hapo ndipo penye sumu?" Shangazi huyo.

"Hapa ni kwenye njia ya chakula, mama, juu ya tumbo."

"Na hivyo vinene vinavyojipinda?" Huyo alikuwa mama mkwe, kwa sauti ya chini.

"Mishipa ya damu. Imevimba. Mmoja ulipasuka, ndio uliotoa damu yote ile."

"Sumu huvimbisha," akasema shangazi.

"Sumu ya juzi haiwezi kuvimbisha hivi. Hii ni kazi ya miaka mingi."

"Hebu zungusha. Kule pembeni hujaangalia."

Na daktari akazungusha. Mpaka leo namshukuru kwa uvumilivu wake, ingawa tumbo langu halikushukuru. Akapekua kila kona, akawaonyesha, hapakuwa na kitu. Kisha akauliza swali ambalo nisingeweza kulijibu nikiwa na mpira mdomoni, kwa hiyo shangazi akajibu kwa niaba yangu.

"Amekulia ziwani?"

"Huyu? Huyu ni samaki."

Daktari akasema basi ni kichocho cha tumbo. Akaeleza polepole: kuna konokono wadogo kandokando ya ziwa, wanatoa vijidudu, vinaingia kwenye ngozi ya anayeoga, vinakuwa minyoo, na mayai yake yanaenda kuziba njia za damu kwenye ini. Damu ikikosa pa kupita inarudi nyuma na kujaa kwenye mishipa ya koo, mpaka mmoja unachoka.

Shangazi akasema, kwa uchungu ambao hakuwa ameuonyesha kwa ajili yangu, "Kichocho ni cha Mwanza."

Daktari akaendelea na kazi. Alikuwa na vipira vidogo mno, kama rababendi za kufungia nywele za mtoto mchanga, na kwa kutumia kifaa kilekile aliunyonya mshipa, akauvisha kipira, akauacha umekabwa. Akaenda mshipa mwingine. Huku akifunga alieleza kwamba tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kufunga peke yake hakutoshi kama vidonge vya kushusha msukumo wa damu havipo, na vidonge peke yake pia havitoshi, inafaa viende pamoja. Akasikitika kwamba tafiti nyingi ni za watu walioharibu ini kwa pombe au kwa virusi, za watu wa kando ya ziwa ni chache. Shangazi alishika neno moja tu hapo. "Huyu hanywi," akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari. Mama mkwe aliangalia mpaka mshipa wa mwisho ulipofungwa.

Wewe ungedhani kesi imekwisha. Shangazi alitoka mle ndani akawaambia ndugu kwamba daktari ni msomi na ameongea vizuri, lakini kamera inaona nyama, haioni nia. Hata hivyo polisi hawakuitwa, na baada ya vikao vilivyonichosha kuliko ule mpira, ndoa ilikubaliwa kwa sharti moja: chakula cha Kibirizi nisikiguse. Nikienda ukweni niende nimeshiba.

Sharti hilo halikutangazwa, lakini mji huu hauna siri. Mara ya kwanza tulipokwenda kumsalimia mama mkwe tukiwa mume na mke, hakutupikia. Alileta soda kwenye sinia, chupa haijafunguliwa, na kando yake akaweka opena. Alinipa nifungue mwenyewe. Hakununa, hakutoa neno la pembeni, aliuliza habari za duka langu la vipuri vya injini za mitumbwi kama kawaida. Nilifungua ile soda nikajisikia vibaya sana, nikanywa, nikasema ahsante mama. Ikawa ndiyo desturi yetu. Nadhani hakuna mkwe Kigoma nzima aliyekunywa soda nyingi kuliko mimi.

Nilimeza dawa ya kichocho. Nilirudi hospitali kufungwa mishipa mingine, nikameza vidonge. Daktari alinionya kwamba kazi haijaisha, mishipa hiyo hupenda kurudi, nisikose zamu yangu ya kliniki. Halafu mke wangu akajifungua, na katika shughuli za mtoto zamu moja ikanipita.

Shangazi alitaka arobaini ya mtoto ifanyike kwake Ujiji. Si hivyo tu, alitaka apike yeye. Wanawake wa mtaa walipokuja kusaidia waliruhusiwa kumenya vitunguu mbali kidogo, uani, na kurudisha visu. Sufuria hakuna aliyelisogelea. Alipika wali na samaki aina ya kuhe wa nazi, na sahani yangu akaipakua mwenyewe akaileta mwenyewe, akipita na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka alipoketi mama mkwe, "Huyu leo atakula kwa raha. Tunajua anakula nini."

Nikala kwa raha. Watoto walikuwa wanacheza, mtoto wangu anapitishwa mikononi kama kifurushi, mambo yanakwenda vizuri. Kisha lile joto likaja. Nililijua mara moja. Nilitapika pale pale kwenye mkeka, mbele ya kadamnasi, na kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na mawese hapakuwa na la kusingizia.

Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akaona damu, akaona watu wanavyomwangalia.

"Nimepika mimi mwenyewe!" akapiga kelele. "Hakuna aliyegusa sufuria! Hakuna mtu mwingine aliyegu…"

Niliona uso wake ukibadilika alipojisikia anachosema. Jirani mmoja akaitazama sahani yangu. Mwingine akatazama jikoni.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuinuka. "Mana yanje," akamwita Mungu kwa Kirundi chao, "mlazeni ubavu wa kushoto," na kwa kuwa hakuna aliyejitikisa akanilaza yeye. Akamtuma shemeji yangu atafute gari haraka. Akanifuta mdomo kwa khanga yake. Kisha akawageukia watu.

"Ni mishipa. Niliiona mimi kwa macho yangu hospitali, minene, imejipinda. Daktari aliifunga, mingine imevimba tena. Haihusiani na chakula."

"Lakini si ametoka kula sasa hivi?" akauliza yule jirani, ambaye nia yake haikuwa mbaya ila alitaka kuelewa.

Mama mkwe akamwambia shangazi, "Shangazi, nipakulie na mimi. Kwenye hilo hilo sufuria."

Shangazi alipakua, wali ukimwagika kandokando. Mama mkwe akaketi karibu na kichwa changu, akanawa, akala. Alikula bila haraka, tonge kwa tonge, akichambua miiba ya kuhe na kuipanga pembeni mwa sahani, na watu wote wakimwangalia mpaka nao wakaona aibu wakaanza kuvuta sahani zao. Gari lilipopiga honi barabarani alikuwa amemaliza.

"Chumvi imezidi kidogo," alimwambia shangazi, akainuka kunishika mkono.

Walinifunga tena, daktari yule yule, na alinigombeza kwa zamu niliyoikosa kiasi cha kunitosha. Nikapona. Sijakosa zamu nyingine. Na mwanangu siku akianza kutembea atagundua kwamba baba yake ndiye mtu pekee wa Kigoma anayeliogopa ziwa.

Nilipopata nguvu, shangazi akasema anataka kunisindikiza Kibirizi. Hakusema kwa nini. Tulikaribishwa, tukaketi, mama mkwe akaingia ndani akatoka na sinia lake. Soda, haijafunguliwa, na opena kando.

Shangazi aliiangalia ile soda muda mrefu.

"Kwani nyumba hii siku hizi hampiki?" akauliza. Alitaka iwe kama anakaripia.

Mama mkwe akalichukua sinia, akarudi jikoni. Nilijua tutasubiri, moto bado wa kuwasha, ugali bado wa kusonga. Hatukusubiri. Alitoka mara moja na ugali wa moto na migebuka ya mawese, yangu ikiwa imetolewa miiba yote.

Nilimgeukia mke wangu nikamuuliza kwa mnong'ono chakula kimeiva saa ngapi. Akanijibu akimnyonyesha mtoto, bila kuinua kichwa, kwamba mama yake hupika kila tunapokuja. Huwa wanakila sisi tukishaondoka.