Daftari Kando ya Gunia la Tangawizi

Nikimenya tangawizi mbichi, hadi leo hugeuka kuangalia aliye nyuma yangu.

Ijumaa ile ilikuwa zamu yangu kupeleka kuni kwa mwalimu wetu wa hesabu. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani na mlango ulikuwa wazi. Mezani, kando ya gunia la tangawizi, niliona daftari lenye mwandiko wake limefunuliwa, nikajisahau nikasoma. Ilikuwa hadithi: mbuzi alikuwa amevaa kofia ya mchungaji, amekaa kiti cha mbele kanisani, anadai sadaka ya majani. Nikacheka kwa sauti.

“Nani huyo?”

Alikuwa nyuma yangu, fimbo kwapani. Mkojo ulinichuruzika mguuni.

“Shikamoo, mwalimu.”

Akalitazama daftari. “Umecheka wapi?”

Nilitamani kusema sijacheka, lakini hakuna aliyewahi kumdanganya akapona. Nikanyoosha kidole kwenye mbuzi, nikafumba macho, nikangoja fimbo.

Nilisikia kiti kikivutwa. Nilipofumbua macho, alikuwa ameshika ile kalamu nyekundu ya kutukosesha hesabu. Akaweka vema kubwa pale penye mbuzi. Kisha akafunua ukurasa mwingine, akanisogezea.

“Na hapa je?” aliuliza, akaiweka fimbo sakafuni, akautazama mdomo wangu kuona kama nitacheka.