Moto wa Kiganjani

Chai imefurika ikamwagikia jiko, na harufu ya makaa yaliyolowa imenirudisha utotoni, kijijini kwetu Mbebe, kwenye baridi ya asubuhi, nimeshika kitenge cha mama.

Sisi watu wa moto hatuungui. Jirani akifiwa, tunampelekea kaa la moto kiganjani ili awashe upya jiko lake. Kumpa kwa koleo ni tusi. Asubuhi hiyo mtoto wa jirani alikuwa amekufa kwa homa. Mama alipiga magoti mlangoni pao, akanyoosha mkono.

"Pole sana, mwenzangu. Pokea moto."

"Joto lenu ndilo lililoniulia mwanangu! Toka hapa, mchawi!"

Yule mwanamke akachota maji kwa kopo, akayamwaga kwenye kile kiganja. Kaa likalia, mvuke ukapanda, na ngozi ya mama ikafura malengelenge. Moto haujawahi kutuunguza. Yale maji yaliweza. Mama hakuvuta mkono.

Sasa hapa Tunduma jirani yangu ananiita dirishani.

"Dada, nigawie kaa la moto, kiberiti kimeniishia."

Nimempa kwa koleo. Ameshukuru sana.