Vita Visivyo na Komando

Jumamosi iliyopita, jua la mchana liliponizidi, niliingia kwenye banda la video pale Kongwa. Mwenye banda alikuwa ameweka mkanda wa zamani wa vita, picha zisizo na rangi. Vijana walipanda treni wakiimba, wamevishwa maua. Baadaye walilala matopeni, mmoja akimlilia mama yake.

Mbele yangu aliketi mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Aliyeketi kando yake, mwanamume mwenye mkongojo, alimwinamia.

"Shikamoo, mwalimu. Unanikumbuka?"

"Marahaba. Nimekufundisha wewe."

"Na sisi ulituimbisha stesheni, siku tunakwenda vitani Uganda."

"Niliwaimbisha."

"Mdogo wangu naye aliimba. Hakurudi."

Mwalimu alivua kofia, akaikumbatia kifuani. "Niliyaamini yale maneno, mwanangu."

"Najua. Na sisi tulikuamini wewe."

Nyuma yetu vijana walianza kupiga miluzi. "Toa hiyo! Haina komando! Tumelipa!"

Mwenye banda hakutaka kugombana na wateja. Akachomoa mkanda, akaweka mwingine, wa jitu lenye misuli lililomaliza kikosi kizima peke yake. Banda likalipuka kwa vifijo. Yule mwanamume akashika mkongojo wake, akatoka. Mwalimu alibaki ameinamisha kichwa, haangalii tena.

Tunaambiwa soko huria limempa mteja uhuru wa kuchagua. Ni kweli, nimeona kwa macho yangu. Ila wale waliokuwa wakishangilia wote wana umri wa kuandikishwa jeshini.