Kikohozi Ndani ya Barua

Kwa masomo balinifundisha hivi: barua inaanza na salamu, inafuata habari, inaisha na baraka. Makelele hapana. Mutoto wangu wa kwanza alipoanza kukohola, niliandikia mama, kule kaskazini: "Mutoto iko na kikohozi kidogo. Tunamushukuru Mungu." Barua safi. Barua ya bure.

Mama hajui kusoma. Katekista njo anamusomea, analipwa mayai. Jibu likafika, mwandiko wa katekista: "Anakohola namna gani?"

Nilikasirika. Kikohozi kinaandikwa namna gani? Nilikuwa nimechoka na sirena ya mine, ile machimbo bwana yangu anafanya kazi, na moshi wa shimine, bomba yake ndefu, unaowasha koo kama kiberiti, na nguo za kazi za bwana ndani ya beseni. Lakini nilimushusha mutoto mugongoni, nikaweka sikio kwa kifua chake, nikangoja. Nikaandika: kho-kho-kho-kho, bila kupumua, mpaka uso unakuwa mweusi. Kisha anavuta hewa: hiiii, kama mulango wa kutu. Kisha anatapika uji wote.

Baba yake akachungulia, akacheka. "Ee, mama! Masomo yote ile, na unaandika sawa kuku?"

"Cheka. Wewe masikio yako inajua sirena tu."

Mama akajibu: "Katekista alisikia haya kukohola mbele ya bantu. Nikamwambia, soma yote ao urudishe mayai yangu. Akakohola. Mwana yangu, ile hiiii naijua. Njo ilibeba dada yako mpaka kaburi. Enda kwa munganga wa dispanseri. Usiseme tu anakohola. Umufanyie, asikie."

Dispanseri nilikuwa nimeenda mara mbili. Mutoto, kama kusudi, alikuwa analala pale kila mara. Nilisema kwa Kifaransa changu kizuri kwamba anakohola, na anfirmie, muuguzi wa pale, akanipa dawa ya siro bila kuinua macho.

Mara ya tatu alilala tena. Basi nilisimama mbele ya bamama bote, nikakohola mimi: kho-kho-kho-kho, hiiii! Nikaonyesha na kutapika. Bamama bakacheka. "Huyu, kichwa iko muzima?"

Anfirmie hakucheka. Aliweka kalamu chini, akaita dokta.

Balitulaza majuma matatu. Hata kukasirika kulinishinda, nilichoka hivyo. Tuliporudi nyumbani niliandikia mama. Salamu sikuweka. Nilianza na namna mutoto anapumua akilala: fuu, fuu, fuu. Mulango wa kutu hakuna.