Waya wa Ethi Kwenye Mashine ya Kahawa

Nilishuka Moshi mjini kutafuta fyuzi. Miaka ile ya Ujamaa vitu viliadimika, hata kipande cha sabuni kilikuwa bahati. Nilimaliza maduka yote, nikapanda mlima mikono mitupu na hasira kifuani. Nilipofika kwenye mfereji, juu kidogo ya kibanda chetu, nikasikia mashine ya kumenya kahawa inanguruma. Nikaanza kukimbia. Nilikuwa nimebakiza fyuzi moja tu, na nilisema isiguswe mpaka nirudi nitafute waya uliochubuka.

Umeme wa mashine ile niliufunga mwenyewe. Anayemenya kahawa mikono yake haikauki, kwa hiyo swichi zake nilizipa umeme mdogo, volti ishirini na nne, kutoka kwenye transfoma niliyoisuka upya kwa mkono. Upande mmoja wa umeme huo niliufunga kwa waya kwenye nondo iliyopigiliwa ardhini, na bodi ya mashine, yaani chuma chake cha nje, nayo nikaiunganisha na nondo hiyohiyo. Hiyo ndiyo ethi. Waya ukichubuka ukagusa bodi, fyuzi inakatika, mashine inasimama. Wiki ile fyuzi zilikatika mfululizo, na watu walikuwa nje na vikapu vya kahawa mbivu, ambayo ikilala inaharibika.

Niliingia mashine ikiwa ndiyo kwanza imezimwa kwa swichi yake ndogo. Mke wangu alikuwa ameinama, mkono umezama hadi kiwiko kwenye ngoma yenye meno, anachokonoa jiwe. Kaka yake, aliyekuwa msimamizi, akanichekea.

"Shemeji, mgonjwa kapona! Nimefungua ule waya wako wa nondo. Fyuzi haikatiki tena."

"Umefanya nini?"

"Si ulinikataza kuzungushia fyuzi karatasi ya kung'aa ya sigara? Waya hukunikataza."

Kabla sijamtukana, kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota, ikalia ndani ya boksi. Ta. Kimya. Ta, ta. Hakuna aliyekuwa karibu na swichi. Bila ethi, waya wa kwanza ukigusa bodi hakuna anayejua. Wa pili ukigusa, umeme unapita kwenye bodi yenyewe, unairuka swichi, na mashine inajiwasha.

"Toa mkono!"

"Ngoja, sweta imenasa," mke wangu akasema, kama mtu aliyeitwa chakula.

Meni swichi, inayokata umeme wote, ilikuwa ukuta wa pili, nyuma ya magunia. Niliyaruka, nikajikwaa, Mungu wangu, nikaanguka kifudifudi. Nikainuka, nikaivuta chini. Mke wangu akachana sweta, akautoa mkono, akaanza kunigombeza kwa kumpigia kelele mbele za watu.

Nikamkamata shemeji shati. "Unataka kumuua dada yako?"

"Imezimwa, itamuuaje? Acha hizo bwana!"

Sikubishana naye. Niliwatoa wote mpaka mlangoni, nikarudisha meni swichi. Boksi likalia ta, ta, kisha ngoma ikashika kasi, ikakitafuna kile kipande cha sweta kilichobaki, na swichi ya kuwashia hakuna aliyeigusa.

Nikazima. Shemeji alikaa chini kwenye makapi ya kahawa, akajifunika uso, akalia kwa sauti mbele ya foleni nzima. Mimi nilikuwa bado nataka kumpiga. Mke wangu ndiye aliyekwenda kukaa kando yake, akamzungushia mabegani mkono uleule, ukiwa bado na ute wa kahawa, sweta imechanika kiwikoni.