Maji Yanayoshika Neno la Kwanza

Kulu, kulu, kulu. Maji yalikuwa yanagonga ndani ya kibido cha plastiki kila nilipokanyaga, na mpaka leo nikimsikia mtu anashuka kilima na maji nusu, nafunga mdomo.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mdogo wangu wa mwisho, wa miaka miwili, alikuwa amelazwa kwenye kituo cha afya na homa iliyomtetemesha mpaka meno. Muganga alimwekea serumu ya mshipani, akasema tungoje. Mama hakuweza kungoja tu. Rozari iko mkononi, akanituma juu ya kilima cha Songo, kwenye kaburi la shehe wa zamani, nilete maji ya mtungi unaokaa upande wa kichwa. Waislamu wanaujaza na kuusomea kila Ijumaa. Sisi Wakatoliki tunachota, na hakuna anayetuuliza dini. Sharti ni moja. Maji yale yanashika neno la kwanza la mwenye kuyabeba. Kwa hiyo unanyamaza mpaka kwa mgonjwa, unataja jina lake, ndipo unampangusa uso.

Pale juu kuna mama mzee Mwislamu anayefagia kaburi, tunamwita koko. Nilivua viatu, nikapiga ishara ya msalaba bila kufikiri, nikashtuka katikati.

"Maliza, mkono usibaki hewani," koko alisema, akiendelea kufagia. "Shehe amewazoea nyinyi."

Nikachota, nikashuka kimya. Watu walinisalimia, wakaona kibido, wakanipisha. Lakini chini palikuwa na bariyeri ambayo wakati wa kupanda haikuwepo: kamba kati ya mawe mawili, na wanaume watatu wenye bunduki. Hawakuwa watu wa huku.

"Weye, umebeba nini?"

Nikaonyesha kibido, kisha kilima.

"Nakuuliza, unanionyesha milima. Uko na mdomo ao hauna?"

Mwenzake akacheka. "Huyu ni bubu. Ao anajifanya."

Wa kwanza akaninyang'anya kibido, akakifungua, akanusa. Bunduki yake ilikuwa inaning'inia karibu na sikio langu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Miye naogopa."

Kibido kilikuwa wazi mkononi mwake.

"Ni maji tu," akasema, akanirudishia. "Pita."

Nilitembea kidogo, nikasimama. Ningempangusa mdogo wangu woga? Na kurudi juu ni kupita kwa wale watu mara mbili tena. Nikageuka huku nalia. Sasa ningeweza kusema nitakavyo, maji yalikwisha kuharibika. "Nimesahau kitu," nikawaambia.

Koko alinisikiliza, akacheka mpaka akakaa chini. "Unafikiri nani anapanda hapa bila woga? Siku mama yako alibeba maji yako ukiwa mtoto mgonjwa, mbwa alimfuata njiani, neno la kwanza likawa 'toka'. Ndiyo maana hautulii nyumbani." Akapangusa macho. "Haya, mwaga kwa majani, chota ingine."

Kwenye bariyeri niliuma midomo mpaka nikaonja damu. Yule aliyenicheka alitazama kibido, akajiwekea kidole mdomoni, akainua kamba. Hata hivyo mgongo wangu wote ulikuwa unangoja risasi mpaka nilipokata kona.

Leo huyo mdogo wangu ananifichia viatu na kulamba sukari yangu, lakini saa ile sikuyajua hayo. Nilifika kituoni, na mle chumbani sikusikia kilio chake. Kimya kabisa. Nikaogopa kusukuma mlango: kama ningekuta jambo baya, neno la kwanza lingekuwa yowe.

Korido ilikuwa tupu. Nikachuchumaa, nikafungua kibido, nikaweka midomo pale pale mdomoni mwake, nikasema jina la mdogo wangu.